Mbwa wa Mang'ola ana mwenyewe

Uliza Barazani, hapa Mang'ola, mchana mbwa aliyelala chini ya meza ya mama lishe ni wa nani, na wengi watakuambia hana mwenyewe. Uliza usiku, fisi anapozunguka zizi au mwizi anaponyemelea magunia ya vitunguu yanayosubiri fuso, nani anamtegemea mbwa huyohuyo abweke, na wenyewe watakuwa wengi. Kati ya majibu hayo mawili kuna jambo ambalo sisi wa sekta ya mifugo tumelikalia kimya muda mrefu, na watoto wetu ndio wanaolilipia.

Tunapozungumzia mbwa waliotelekezwa, picha inayotujia ni ya mjini: mtu anamshusha mbwa kwenye gari usiku na kuondoka. Hilo lipo. Lakini vijijini kaskazini mwa Tanzania, watafiti waliohesabu mbwa nyumba kwa nyumba wamekuta mara kwa mara kwamba mbwa wasio na kaya yoyote ni wachache sana. Wengi tunaowaita mbwa koko wana boma wanakolala, wana jina wanaloitikia, na wana mtoto wanayemfuata mtoni. Wanachokosa ni mtu mzima wa kusema hadharani, "Huyu ni wangu, akiumwa nitamtibu, aking'ata nitajibu."

Hoja yangu ni hii. Anayefaidi ulinzi wa mbwa anadaiwa chanjo yake, maji yake na chakula chake, na deni hilo haliishi msimu wa vitunguu unapoisha. Wajibu ukitelekezwa leo, mbwa atatelekezwa kesho.

Bonde la watu wanaohama

Mang'ola ipo bondeni kando ya Ziwa Eyasi, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro. Maji ya chemchemi zinazotoka chini ya nyanda hizo yamelifanya bonde hili kame kuwa shamba kubwa la vitunguu, na vitunguu vimeleta watu. Wahadzabe walikuwepo na upinde wao kabla ya wengine wote. Wadatoga wapo na ng'ombe wao. Wairaqw wanalima na kufuga. Wamekuja Wanyiramba, Wanyaturu, Wachaga na Wapare, na wanunuzi wanafika kutoka mpaka Kenya. Msimu unapochanganya, vibarua wanajaa kwenye vibanda vya mashambani. Vitunguu vikishapakiwa, vibanda vinabaki vitupu.

Katika mchanganyiko huo mbwa ana kazi tatu. Anafuatana na mwindaji wa Kihadzabe porini. Analala mlangoni mwa zizi la Mdatoga, maana fisi na chui hawajaacha kupenda mbuzi. Na analinda shamba: mahindi yasiliwe na nyani, magunia yasibebwe usiku. Msomaji Mwislamu atazitambua kazi hizo mara moja, kwa sababu hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaporuhusu kufuga mbwa zinataja sababu hizohizo: kuwinda, kulinda mifugo na kulinda mazao. Mang'ola hakuna haja ya kumtetea mbwa kwa lugha ya watu wanaolala naye kitandani. Anafanya kazi, na mfanyakazi ana haki zake.

Tatizo linaanza pale kazi inapohama na mbwa asihame. Kibarua aliyelea mtoto wa mbwa kwenye kibanda kwa miezi minne hawezi kupanda naye basi la kurudi Singida. Mwenye shamba anasema mbwa alikuwa wa kibarua. Kibarua anasema mbwa alikuwa wa shamba. Mfugaji anahamisha ng'ombe kutafuta malisho na kuchukua mbwa wawili wenye nguvu, akimwacha jike mwenye watoto. Kambi ya watalii inapofungwa masika, mbwa aliyezoea makombo ya jikoni anabaki analinda jiko lisilo na moto. Kila mmoja wa watu hao akisimama peke yake ataonekana hana kosa kubwa. Kwa pamoja wametengeneza kundi la mbwa wenye njaa, wasio na chanjo, wanaozaliana.

Na wanazaliana haraka. Mimba ya mbwa ni ya takriban siku 63, na jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Watoto wengi hufa kabla ya kukua, kwa njaa, minyoo na magonjwa. Wanaobaki wanatosha kujaza nafasi ya kila mbwa aliyekufa.

Huruma na hasira

Nimesikia hisia za aina mbili juu ya mbwa hawa, na zote mbili naziheshimu kwa sababu zina chanzo cha kweli.

Ya kwanza ni hasira. Mzazi ambaye mwanawe aling'atwa njiani kwenda shule hana sababu ya kusikiliza mahubiri juu ya haki za wanyama. Mfugaji aliyepoteza mbuzi kwa kundi la mbwa wenye njaa naye ana uchungu halali. Wapo pia wanaoshika madhehebu ya Shafii, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwao mbwa anayezurura sokoni ni usumbufu wa kila siku wa ibada.

Ya pili ni huruma. Ipo zaidi ya tunavyokiri, hasa kwa watoto. Siku ya chanjo vijijini ni watoto wanaowaleta mbwa, wamewafunga kamba ya katani au kipande cha khanga, na wanawabeba wadogo mikononi. Kuna watu wazima wanaomwekea mbwa wa jirani ukoko wa ugali na wasingependa lijulikane, kwa kuwa kumhurumia mbwa mbele za watu bado kunaonekana ni tabia ya wazungu. Dhana hiyo haina msingi. Waislamu wanajua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi. Wakristo wanacho kitabu cha Mithali, kinachomtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Na mzee yeyote wa Kidatoga anajua tofauti kati ya boma linalotunza wanyama wake na boma linalowatesa.

Hata hivyo hasira na huruma zina upungufu mmoja unaofanana: zote zinamtazama mbwa na kumsahau mtu. Mwenye hasira anaomba mbwa auawe. Mwenye huruma anamrushia mfupa na kwenda zake. Mgeni anayemlisha mbwa kwa siku tatu kambini na kuondoka amemfundisha kukaa mahali ambapo wiki ijayo hakuna atakayemlisha. Huruma isiyogeuka kuwa wajibu haimfikishi mbwa popote, na haimkingi mtoto wa mtu yeyote.

Gharama ya kusema "si wangu"

Kichaa cha mbwa ndicho kinacholifanya jambo hili kuwa la kufa na kupona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na takriban wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Ni kifo cha kutisha, na hakuna wauguzi au wazazi waliokishuhudia wakakisahau.

Hapa Tanzania ukubwa wa tatizo ulifichika muda mrefu. Mwaka 2002 Sarah Cleaveland na wenzake walichapisha makadirio yaliyotokana na majeraha ya kung'atwa na mbwa: takriban vifo 1,500 kwa mwaka nchini, wakati kumbukumbu rasmi zilionyesha wastani wa vifo visivyozidi 11. Pengo hilo ni la watu waliofia nyumbani, waliodhaniwa wamerogwa au wana malaria ya kichwani, na waliozikwa bila ugonjwa wao kuandikwa popote.

Mbwa anapokosa mwenyewe, pengo hilo linapanuka kwa njia ya moja kwa moja sana. Mtoto anang'atwa. Mbwa akiwa na mwenyewe, swali la kwanza linajibika: amechanjwa? Anaweza kufungwa na kuangaliwa kwa siku kumi. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa anaambukiza alipong'ata. Akionyesha dalili, familia inajua mtoto aendelee na sindano zote bila kukosa hata moja. Mbwa akiwa si wa mtu, anatoweka au anauawa na kutupwa, na mzazi anabaki kukisia huku anahesabu nauli ya kwenda hospitali yenye chanjo. Virusi hivyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya dalili, wakati mwingine wiki moja tu, wakati mwingine hata mwaka. Kidonda kinapona, mtoto anacheza, wazazi wanasahau. Ndiyo maana nasisitiza kila ninapopata nafasi: jeraha la mbwa lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha safari ya zahanati ianze siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo.

Kuna magonjwa mengine yasiyotisha kwa haraka hiyo. Mbwa anayelishwa mapafu na maini mabichi yenye malengelenge hupata minyoo ya tegu ambayo mayai yake, yakimwingia binadamu, yanaota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Ugonjwa huo umeripotiwa kwa miaka mingi kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Nao unazuiwa na mwenye mbwa: asimpe viungo vibichi machinjioni, na ampe dawa ya minyoo.

Jirani zetu wa porini nao wanalipa. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, takriban simba 1,000. Mwaka 2001 ugonjwa huo uliwapiga simba wa Kreta ya Ngorongoro. Mbwa mwitu walitoweka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka 1991, na kichaa cha mbwa kimo katika sababu zinazotajwa. Kwa haki lazima niseme kwamba utafiti wa baadaye ulionyesha distempa inazunguka pia kati ya wanyamapori wenyewe, hivyo mbwa wa kijijini hawezi kubeba lawama yote. Lakini mbwa asiyechanjwa anayeshinda porini akitafuta mzoga bado anafungua mlango ambao mwenyewe angeweza kuufunga.

Bunduki haijawahi kutosha

Kila kichaa kinapotokea, sauti ya kwanza ni ya kuua mbwa wazururaji. Naielewa, lakini ushahidi unaikataa. Kisiwa cha Flores nchini Indonesia kilipoingiliwa na kichaa mwishoni mwa miaka ya 1990, mamlaka ziliua mbwa kwa mamia ya maelfu. Ugonjwa ulibaki. Katika kisiwa cha Bali, ulipoingia mwaka 2008, kuua kulijaribiwa tena, watu wakaficha mbwa wao au wakaleta wadogo kuziba nafasi. Ni chanjo ya kisiwa kizima iliyoanza mwaka 2010 iliyopunguza wagonjwa kwa kiasi kikubwa.

Sababu yake inaeleweka kwa mtu yeyote anayefuga. Watu wana mbwa kwa kuwa wanawahitaji. Ukimuua mlinzi wa zizi, mwenye zizi atatafuta mwingine wiki hiyohiyo, na atakuwa mdogo asiye na chanjo. Zoezi la bunduki huua pia mbwa waliochanjwa, maana hao ndio wanaokaribia watu bila woga. Na sumu ni mbaya zaidi: inamfuata fisi, inamfuata tumbusi, na katika bonde linalopakana na Ngorongoro hakuna anayejua itaishia wapi.

Chanjo, kwa upande mwingine, ina hesabu inayotupa matumaini. Utafiti ulioongozwa na Katie Hampson katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na kidogo tu. Ugonjwa unaoua kikatili namna hii unaenea kwa udhaifu mkubwa. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa na kurudia kila mwaka, unakosa pa kupita. Pemba imetuonyesha hilo: kichaa kilimalizwa mwaka 2014, kikarudi mwaka 2016 kwa mbwa walioletwa kutoka nje ya kisiwa, na kikamalizwa tena kufikia 2018. Kilichokirudisha kinahusu hoja yangu moja kwa moja. Mbwa hao walisafirishwa na watu.

Kwa Mang'ola ipo kazi ya Mtanzania ambayo kila afisa mifugo wa wilaya zetu angepaswa kuifahamu. Magai Kaare na wenzake walipima njia mbalimbali za kuchanja mbwa vijijini, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Katika jamii za wakulima wafugaji, kituo kimoja cha chanjo kijijini kilifikia zaidi ya asilimia 80 ya mbwa, kwa gharama isiyofika dola 2 kwa mbwa. Katika jamii za wafugaji wanaohamahama kituo kimoja hakikutosha kabisa. Ilibidi wachanjaji wafike bomani au kuwatumia wahudumu wa mifugo wa jamii hizo, na gharama ilipanda: zaidi ya dola 6 kwa mbwa kwa njia ya kwanza, na zaidi ya dola 4 kwa ya pili. Mang'ola ina jamii zote mbili kwenye kata chache, pamoja na Wahadzabe ambao kambi zao huhama. Tangazo moja la kipaza sauti Barazani litawapata Wairaqw na wafanyabiashara, na litawakosa haohao ambao mbwa wao hukutana na wanyamapori kila siku.

Kisingizio cha kukosa friji ya kutunzia chanjo nacho kimepungua nguvu. Utafiti ulioongozwa na Felix Lankester, uliochapishwa mwaka 2016, ulithibitisha kwamba chanjo moja inayotumika sana kwa mbwa hubaki na nguvu baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzijoto 25, au miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30. Maana yake chanjo inaweza kutunzwa kijijini mahali penye ubaridi, chini ya mtu aliyefunzwa, na mbwa aliyezaliwa mwezi wa tano asisubiri gari la wilaya mpaka mwaka unaofuata.

Nani afanye nini

Sheria ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtambua mmiliki na mtunzaji kuwa mwenye wajibu kwa mnyama wake, na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Namba 17 ya mwaka 2003, inaipa serikali nguvu ya kudhibiti magonjwa. Tunachokosa ni hatua ndogo ya kijijini inayomfanya mwenye mbwa ajulikane. Mali bila daftari huisha bila habari. Kijiji kinajua idadi ya ng'ombe wa kila boma na magunia ya kila shamba. Kianzishe daftari la mbwa kwa kila kitongoji, likiwa na jina la kaya au shamba na tarehe ya chanjo.

Katika bonde la watu wanaohama, umiliki uandikwe kwa mahali mbwa anapofanya kazi. Mbwa anayelinda shamba awe wa mwenye shamba, hata kama kibarua ndiye anayempa ugali. Msimu ukiisha mwenye shamba amchukue au amkabidhi kwa mtu anayetajwa jina mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kambi ya watalii iliyozoesha mbwa jikoni kwake iandikwe kuwa mwenyewe. Boma linalohama liondoke na mbwa wake wote, au liwaache kwa ndugu aliyekubali.

Mwenye mbwa asitozwe kodi wala ada ya kuandikisha. Siku tutakapoweka ada, mbwa wote wa Mang'ola watakuwa si wa mtu kabla ya jua kuzama. Kinachopaswa kuwa na gharama ni kukana. Mbwa aliyeandikwa aking'ata, mwenyewe amsindikize aliyeng'atwa mpaka zahanati na amfunge mbwa aangaliwe. Aliyekana mbwa ambaye majirani wote wanajua analala kwake alipe matibabu yote. Sheria ndogo za kijiji zinaweza kusema hivyo kwa mistari mitatu.

Halmashauri yetu ya wilaya, Karatu, nayo ina sehemu yake, na haiwezi kuwadai wananchi bila kutimiza yake. Chanjo iwe ya bure na ya kila mwaka, ipelekwe bomani kwa Wadatoga na kambini kwa Wahadzabe, na itolewe kwa watoto wa mbwa pia badala ya kuwaruka kwa sababu ya umri. Mwenye jike ambaye hataki watoto asaidiwe kumfunga uzazi. Na mbwa ambaye ni mgonjwa mno au hana pa kwenda, mtaalamu amwondoe bila maumivu. Kumtupa njiani kuelekea Karatu ili afe kwa kiu ni ukatili uleule, umefanywa polepole.

Nawaomba walimu wa Mang'ola jambo moja. Wale watoto wanaobeba mbwa siku ya chanjo tayari wanawapenda. Wafundishwe kwamba upendo huo una kazi zake: maji kila siku, dawa ya minyoo, chanjo kila mwaka, kutomrushia mawe mbwa wa mwenzao, na kumwambia mtu mzima mara mtoto anapong'atwa. Wao watakuwa wenye mashamba na wenye maboma baada ya miaka michache.

Dunia imeweka lengo la kufikisha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kwenye sifuri ifikapo 2030, na Tanzania imo katika lengo hilo. Mang'ola haihitaji kusubiri mkutano wa kimataifa. Inahitaji mikutano mikuu ya vijiji vyake, kabla ya msimu ujao wa vitunguu, iwe na ajenda moja ya ziada: kila mwenye kaya, kila mwenye shamba na kila mwenye kambi asimame na kutaja mbwa wake. Mbwa ambaye hakuna aliyemtaja mchana huo awe mzigo wa kijiji kizima, na kijiji kiamue siku hiyohiyo nani atamchukua na nani atamchanja.